Koma ya Juu

Kompyuta ya kwanza kuletwa kiwandani kwetu ilikuja na kitambaa cha kuifunikia, na nasema kwa akili timamu kwamba katika ofisi ile kitambaa ndicho kitu pekee kilichofanya kazi yake bila kuniudhi. Vingine vyote viliniudhi. Mashine iliniudhi, feni iliniudhi, na wiki ninayotaka kuisimulia hata watu niliowapenda waliniudhi.

Kazi yangu ilikuwa kukaa mbele ya mashine hiyo kutwa nzima, katika kiwanda cha kuchambua pamba upande wa Mkuyuni, dirisha likitazama ziwani. Zamani kiwanda kilikuwa cha ushirika. Ukaja wakati wa kubinafsisha, tukaambiwa serikali imetoka kwenye biashara, akaja mwenye mali mpya ambaye hatukuwahi kumwona sura. Nyuma yake akaja Bwana Seif kutoka Dar es Salaam, meneja wa utumishi, kijana wa suruali zilizopigwa pasi mpaka zikakaribia kusimama zenyewe.

Bwana Seif hakuwa mtu mbaya. Nalisema mapema kwa sababu nitamsema sana. Shida yake ilikuwa moja: alichokiona kwenye kioo cha kompyuta alikiamini kuliko alichokiona uani.

"Dorotea," aliniambia siku alipofika, "kompyuta haina ndugu wala jirani. Haipendelei."

"Sawa," nikasema. Sikujua bado ningelikumbuka neno hilo kwa hasira kiasi gani.

Alikuwa ametumwa kutafuta wafanyakazi hewa, yaani majina yaliyoandikwa kazini bila kuwa na mtu nyuma yake. Kila kampuni mpya iliyonunua kiwanda cha zamani iliwatafuta hao, na ni kweli walikuwepo sehemu nyingi. Amri ilikuwa fupi: Ijumaa asubuhi, mtu ambaye jina lake halionekani kwenye kompyuta haingii getini. Akiuliza kwa nini, ataambiwa yeye ni hewa. Na kuitwa hewa hakukuwa kufukuzwa tu. Maana yake ulikuwa unashirikiana na wezi, na Mwanza ile habari ya namna hiyo inafika nyumbani kabla yako.

Basi Jumatatu tukakaa, mimi kwenye kibodi, yeye pembeni na kalamu. Kioo kilionyesha majina kumi na mawili kwa wakati mmoja, yakiwa yamepangwa kwa alfabeti ya majina ya ukoo. Kuona mengine ulibonyeza kitufe cha pejidauni, ukurasa ukateremka. Mishale ya kushuka jina moja moja haikufanya kazi katika programu ile. Chini kabisa palikuwa na namba ya watu wote. Nikabonyeza, akaweka alama, nikabonyeza, akaweka alama, mpaka tukafika mwisho kwa akina Zengo. Akajumlisha alama zake. Zilikuwa pungufu ya ile namba ya chini.

Akatabasamu kama mtu aliyepata samaki. "Umeona? Mashine inasema wako wengi kuliko tunaowaona. Hao tusiowaona ndio hewa."

"Bwana Seif, wote niliwaingiza mimi. Nilianza na ofisi, nikafuata stoo, nikafuata mafundi, nikamaliza na wabebaji. Kila mtu alisimama hapo mlangoni na kitambulisho."

"Basi wako wapi?"

Hakuna kitu kinachonichoma kama kuulizwa swali la mashine yangu nikakosa jibu.

Nikachukua karatasi za zamani nikalinganisha. Waliokosekana hawakuwa watu wa kufikirika. Alikosekana mama mmoja wa kufagia nyuzi, walikosekana wabebaji kadhaa, na alikosekana Luhende Ng'washi. Hapo ndipo nilipotaka kuitupa mashine dirishani. Luhende alikuwa fundi wa misumeno na mikanda ya mashine za kuchambulia. Kama mkanda ungekatika saa nne asubuhi, kiwanda kizima kingekaa chini kumsubiri yeye. Alikuwa pia rafiki wa marehemu baba yangu. Walianza kazi pamoja pale pale, na baba alipofariki yeye ndiye aliyeshika jembe la kwanza makaburini.

Siku ile ile alikuja mlangoni, mikono ina grisi, hakutaka kukanyaga sakafu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Nasikia sipo."

"Upo, baba. Mashine ndiyo haitaki kukuonyesha."

"Nimeikosea nini?"

"Hujaikosea kitu. Nitakutafuta."

"Nitafute basi," akasema. "Mimi mambo mengine naweza kuyavumilia. Kuitwa mwizi hapa ndani, uzee huu, hapana." Akarudi kwenye misumeno yake, na mimi nikabaki na mzigo wake.

Nikaanza. Nilizima nikawasha. Nilipuliza vumbi, jambo lisilosaidia kitu ila linatuliza moyo. Nikaenda kwenye sehemu ya kutafuta mtu, nikaandika Ng'washi, nikabonyeza. Kompyuta ikaniletea Bernadeta Ng'humbi, mtunza fedha, aliyekuwa amekaa meza ya pili akila karanga. Nikafuta, nikaandika upya polepole, herufi kwa herufi. Bernadeta. Nikamtafuta yule mama wa kufagia, Ng'wigulu. Bernadeta tena.

"Kwani mimi nimekuwa mjumbe wa nyumba kumi?" Bernadeta akauliza. "Kila anayetafutwa analetwa kwangu?"

Sikucheka. Nikasema kama hayupo, nitamwandika upya, yaishe. Nikaingiza Luhende mwanzo mwisho: jina, namba ya kazi, idara, mwaka wa kuanza. Nikabonyeza kuhifadhi. Maandishi mekundu yakatokea: namba hii ina mtu tayari. Jamani! Kumwonyesha inakataa kwa kuwa hayupo, kumpokea inakataa kwa kuwa yupo. Nilipiga meza mpaka karanga za Bernadeta zikaruka.

Programu yenyewe ilinunuliwa ikiwa imeshatumika, kutoka kwa kampuni fulani ya nje ambayo zamani iliitumia kwenye mashamba yao. Kwenye kava la kitabu chake palikuwa na namba ya simu. Nilipiga kwa njia ya opereta, nikasubiri, nikaunganishwa, na mtu aliyepokea akaniambia kwa upole kwamba waliouza programu waliondoka hapo zamani, na sasa hapo panauzwa matairi. Akaniuliza kama nahitaji matairi.

Jumatano nilikwenda kunywa chai kwa Teodora, anayeuza maandazi nje ya geti, na watu waliokuwa kwenye benchi wakanyamaza nilipofika. Teodora hakuwa mtu wa kuficha neno.

"Dada Dorotea, wanasema umewafuta."

"Nimewafuta nani?"

"Watu wa mashine na wabebaji. Wanasema ofisini hakuna hata mmoja aliyepotea. Wanasema mmejikinga wenyewe."

Niliacha andazi langu bila kuling'ata. Nilikasirika, tena nilikasirika vibaya kwa sababu walikuwa wamesema kweli: katika watu wa ofisini hakukosekana hata mmoja. Nilikuwa sijaliona hilo mpaka nilipotukanwa nalo.

Nikarudi, nikaanza tena kutoka juu, safari hii bila Bwana Seif na kalamu yake. Nilishuka mpaka nikafika kwa Ngassa, nikasikia kiu, nikasema nirudi ukurasa mmoja nyuma kabla sijainuka nisipoteze nilipo. Nikabonyeza pejiapu. Mwanzoni sikuangalia vizuri. Halafu nikaangalia. Mstari wa tatu kutoka chini ulisomeka: Ng'washi, Luhende. Fundi.

"Bernadeta! Njoo umwone!"

Bernadeta akaja, akamwona. Nikakimbia korido nzima mpaka kwa Bwana Seif, karibu nimvute mkono wa shati. Lakini nilikuwa nimemwacha Bernadeta na kibodi, naye kwa furaha akabonyeza ateremke aone wengine, kisha akakimbilia mwanzo kabisa wa orodha ili aanze vizuri mbele ya bosi. Tulipofika nikashuka kwa pejidauni, ukurasa kwa ukurasa, Bwana Seif akipumua shingoni mwangu. Nikafika pale. Ng'humbi, Ng'wandu, halafu ukurasa mwingine, Ngassa.

"Yuko wapi?" Bwana Seif akauliza.

"Alikuwepo sasa hivi!"

"Dorotea. Mtu anayeonekana na kutoweka, huyo ndiye anaitwa hewa."

Nikafungua mdomo nimweleze habari ya kurudi juu, na wakati huo huo umeme ukakatika. Ulikuwa mwaka wa mgawo, umeme ulikwenda na kurudi upendavyo. Bwana Seif akaondoka. Mimi na Bernadeta tukabaki tunatazamana, naye akaomba msamaha, na mimi nikasema si kitu, ingawa kilikuwa kitu kikubwa.

Lakini umeme kukatika kulinisaidia, kwa kuwa sikuwa na la kufanya ila kufikiri. Ukishuka hayupo, ukipanda yupo. Nilichukua penseli nikaandika majina yaliyo kwenye kona ile, ya ukurasa wa juu na wa chini. Waliopotea wote, nikaona, walikuwa akina Ng'. Ng'washi, Ng'wigulu, Ng'wanakilala. Nikasema si kweli, mbona mimi mwenyewe ni Ng'wandu na ninaonekana? Mbona Bernadeta ni Ng'humbi na anaonekana mpaka amechoka? Nikaitupa penseli. Nikaiokota. Nikakumbuka maneno ya benchi la Teodora: ofisini hakuna aliyepotea. Na mimi ofisi ndiyo niliyoiingiza kwanza.

Hapo nikaelewa, na nikatukana tusi ambalo sitaliandika.

Mashine ilikuwa haihesabu watu. Ukibonyeza pejidauni, inaangalia jina la mwisho kwenye kioo, kisha inaruka kwenda kwenye jina linalofuata ambalo si hilo. Kwa majina tofauti, njia hiyo inafika. Lakini yule aliyeiandika, huko kwao, aliamua kwamba ile alama ndogo ya juu, ambayo mwalimu wetu aliita ritifaa na sisi wa ofisini tuliiita koma ya juu, ndiyo mwisho wa jina. Kioo kilionyesha jina zima, ila kulinganisha kulikomea kwenye koma. Kwa hiyo kwake Ng'humbi ni Ng, Ng'wandu ni Ng, Ng'washi ni Ng. Mtu mmoja! Ikishaonyesha wale wachache waliotosha kwenye ukurasa, yaani sisi tulioingizwa kwanza, ukiiambia iteremke inasema Ng nimeshamaliza, inakwenda kwa Ngassa. Waliobaki inawaruka. Ukipanda kutoka chini, unawakuta wa mwisho. Huko ilikoandikwa huenda hapakuwa na hata mtu mmoja wa Ng'. Kwetu Usukumani ukiita Ng' sokoni, nusu ya soko itageuka.

Umeme uliporudi nikamwita Bwana Seif, safari hii nikiwa nimekamata kibodi kwa mikono miwili. Nikamwonyesha kupanda. Nikamwonyesha kushuka. Nikamwonyesha tena. Alikuwa mtu wa kuamini kioo, na kioo kilikuwa kinamwambia mambo mawili.

"Sasa tunaitengenezaje?" akauliza.

"Programu hatuwezi kuigusa. Kwa walioiuza sasa panauzwa matairi."

"Hicho kikoma kiondoe basi. Ilimradi waonekane."

Nikafanya hivyo Alhamisi nzima. Nilipanda kutoka chini, nikawakuta wa mwisho, nikawafuta koma mmoja mmoja. Kila nilipomaliza ukurasa, nikipanda tena wanatokea waliokuwa nyuma yao, kama unamenya muhindi. Ng'washi akawa Ngwashi. Ng'wigulu akawa Ngwigulu. Mwisho nikafuta ya Bernadeta na yangu mwenyewe, ili tusibaki peke yetu. Nikashuka kwa pejidauni kutoka kwa wa kwanza mpaka kwa Zengo, na alama zikalingana na namba ya chini. Nililala kwenye kibodi kidogo. Kisha nikamtuma Teodora amwambie Luhende amepatikana.

Ijumaa asubuhi Bwana Seif akawasimamisha watu wote uani, akiwa na karatasi ndefu iliyotoka kwenye mashine ya kuchapa. Alisema sasa haamini mashine peke yake, na haamini watu peke yao. Atasoma jina, mwenye jina aitike. Jina litakalokosa mwitikio baada ya mara tatu linakatwa kwa kalamu, na hilo ndilo hewa.

Akasoma haraka, watu wakaitika haraka, jua lilikuwa linapanda. Akafika kwa Ngassa, Ngassa akaitika. Akasema "Nghumbi, Bernadeta," kama mtu aliyekwama kohozi, Bernadeta akaitika huku anacheka. Ngosha, naam.

"Ngwandu, Dorotea!"

"Naam!" nikaitika upesi. Nilikuwa na haraka ya kusikia wanaofuata.

Wakafuata wawili, halafu: "Ngwashi, Luhende!"

Kimya.

Luhende alikuwa amesimama mstari wa mbele kabisa, mikono nyuma, anamtazama Bwana Seif usoni.

"Ngwashi, Luhende! Mara ya pili."

Watu wakaanza kumwangalia. Wiki nzima! Nimetukanwa kwa ajili yake, nimeulizwa kama nataka matairi kwa ajili yake, na sasa amepatikana, amesimama pale, mzima, na mdomo ameufunga. Bwana Seif akateremsha kalamu kwenye karatasi.

"Baba, itika!" nikapaza sauti.

"Nimwitikie nani?" akaniuliza, bila kugeuka. "Mimi bado sijaitwa."

Bwana Seif akainua macho. "Mzee, si wewe huyu? Ngwashi?"

"Mimi ni Ng'washi."

"Ndicho nilichosema."

"Hukusema."

Wale wa Ng' waliobaki nyuma yake hawakusogea, na nikaona wazi wanamsubiri yeye. Kama angenyamaza wangenyamaza, na kalamu ingewapitia wote, na kazi yangu yote ingekuwa kuwapata ili wakatwe. Nilikasirika mpaka nikasahau adabu ya kazini.

"Bwana Seif," nikasema, "sema ng'ombe."

Ua mzima ukacheka.

"Dorotea, huu si wakati..."

"Sema tu."

"Ng'ombe."

"Sasa kwa mdomo huo huo sema Ng'washi."

Alinitazama kwa hasira. Nadhani angenifukuza pale pale kama si watu wote kusubiri.

"Ng'washi," akasema, na likatoka bila shida yoyote. "Ng'washi, Luhende."

"Naam," akaitika mzee.

Bwana Seif akaweka alama. Halafu, sikutarajia, akaiweka ile koma nayo, kwa kalamu, juu ya jina. Akamwita Ng'wigulu kama anavyoitwa, mama akaitika, akaendelea na wengine. Mimi nikashusha pumzi. Nilikuwa nimechoka, nilitaka kukaa tu. Luhende akapita karibu yangu akielekea kwenye misumeno yake, akasimama.

"Ahsante, mwanangu. Umenitafuta."

"Nusura unipasue moyo, baba. Ungeitika tu, yakaisha. Ni koma tu."

Hakuwa amekasirika, ingekuwa nafuu kama angekasirika.

"Baba yako nilimzika mimi," akasema. "Ng'wandu. Huyo Ngwandu uliyemwitikia wewe leo, ni mtoto wa nani?"

Akaenda zake. Hasira yote ya wiki ile ikakosa mtu wa kumwangukia. Bwana Seif alikuwa amefika kwa Nkwabi. Nikanyoosha mkono juu kama mtoto wa shule.

"Kuna nini tena, Dorotea?"

"Samahani, Bwana Seif. Naomba urudie la kwangu."

Watu wakageuka. Akaguna, akaipandisha karatasi, akalitafuta kwa ncha ya kalamu, na nikaona midomo yake inajipanga kwanza kabla ya kusema.

"Ng'wandu," akaita.

"Naam."